Betri Iliyopona Kila Jumapili

Ti. Kimya kidogo. Ti.

Sauti ilitoka sebuleni, nyembamba kama ya kifaranga aliyefungiwa kwenye boksi. Nje bado giza, alfajiri haijakata shauri. Nilijua hata kabla sijafumbua macho kwamba inveta inalia njaa. Betri ya sola imeishiwa tena, na muda si mrefu friji itazima.

"Inakuita," mume wangu alisema, uso umezama kwenye mto.

"Inakuita wewe. Si wewe ndiye fundi?"

"Fundi bomba, Mama Karanga. Umeme hauvuji. Ungekuwa unavuja ningeshaufunga tepu siku nyingi."

Niliamka nikapapasa ukuta hadi sebuleni. Juu ya meza ya televisheni kuna ubao ambao fundi wa sola alipigilia vitu vyake. Kuna inveta, na pembeni yake kontrola, kiboksi chenye kioo kidogo kinachoonyesha mchoro wa jua, wa betri na wa taa. Chini yake zipo swichi mbili zimekaa bega kwa bega. Betri yenyewe iko sakafuni ndani ya kreti la plastiki, nzito, imenuna. Kwenye kioo mchoro wa betri ulibaki na kistari kimoja kinachopepesa. Nikiwa bado nautazama, friji ndogo pale kona ilitetemeka kidogo, ikanyamaza.

Nilipiga magoti nikaufungua mlango wake upesi, kama mtu anayechungulia kichanga asimwamshe. Chupa za dawa zilikuwa kwenye kikombe nyuma ya maziwa. Nikazishika. Bado za baridi. Nikafunga, nikaitupia friji blanketi la mtoto ili ule ubaridi uliobaki usitoroke.

Dawa hizo ni matone ya macho ya mama mkwe wangu. Ana presha ya macho. Daktari alisema chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye baridi, na tone lisirukwe hata siku moja, maana nuru ya jicho ikishapotea kwa ugonjwa huo hairudi. Fungu moja lilikuwa limeshatuharibikia. Siku ile nilimpigia simu wifi yangu, dada wa mume wangu, nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

"Wifi, sikulaumu," alisema. "Lakini hayo ni macho ya mama yangu. Mimi kwangu umeme haukatiki ovyo. Jumamosi nakuja. Nikikuta hiyo friji bado inazimazima, naondoka naye."

Mama naye alimwambia hivyohivyo. Alikuwa na haki. Ila Mama akiondoka, nani atabaki na Karanga jioni nikienda darasani? Shule niliiacha nikiwa na mimba yake, nikairudia kwa mlango wa nyuma, darasa la watu wazima, jioni baada ya kushinda kwenye cherehani nikishona sare. Mtihani ulikuwa umekaribia. Mume wangu bomba likipasuka huitwa saa yoyote, huwezi kumpangia zamu ya mtoto. Na si darasa peke yake. Karanga wangu, ambaye tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa kadogo kama punje, halali bila kushika sikio la bibi yake. Mimi nina masikio mawili mazima, hayataki.

Fundi wa sola tulishamwita. Alifika jioni moja, akagusisha vijiti vya mita yake kwenye betri, akabinua midomo.

"Haijai. Betri imechoka."

"Lakini bado mpya," mume wangu alisema.

"Kuna watu wapya na wamechoka. Badilisheni."

Akafunga begi akaondoka. Kubadilisha ni neno jepesi kwa asemaye.

Jioni ya siku ile nilipoifunika friji blanketi, nilikuwa darasani na mwili, akili iko kwenye friji. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu ambaye chaki humfika hadi kwenye nyusi, alikuwa akieleza jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo. "Msikimbilie kuuliza kwa nini kitu kinaharibika," alisema. "Ulizeni kwanza, ni lini hakiharibiki?"

Kalamu yangu ikasimama. Ni lini inveta haikulia? Nikarudi nyuma siku baada ya siku. Jumanne ililia. Leo imelia. Wiki iliyopita ililia. Jumatatu! Alfajiri ya Jumatatu sikuisikia. Wala Jumatatu iliyotangulia. Yaani usiku wa Jumapili ndio betri inafika asubuhi salama. Na Jumapili ndiyo siku tunayoitesa kuliko zote: televisheni tangu mchana, redio, simu za majirani zimepangwa kwenye chaja kama samaki juani. Kwa haki Jumapili ndiyo betri ingekufa mapema.

Usiku nikamwambia mume wangu. Akacheka. "Basi hiyo betri ni mfanyakazi. Inaumwa siku za kazi, Jumapili inapona."

"Usicheke. Kuna kitu hapa nyumbani Jumapili ambacho siku nyingine hakipo."

"Kipo. Sisi."

Alisema mzaha, lakini ndilo jibu nililolala nalo.

Alhamisi, wenzangu walipotoka kwenda kula mchana, nilimwomba msimamizi nichelewe kidogo kurudi. Nikatembea nyumbani haraka, jua likiwa la kukaangia yai juu ya bati. Sikumkuta mtu sebuleni. Sauti za Mama na Karanga zilitoka uani, na maji yakimwagwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubao.

Kwenye kioo mchoro wa jua haukuwepo. Nje jua linapasua mawe, kioo kinasema usiku! Nikashusha macho. Swichi ya kulia ilikuwa juu. Ya kushoto ilikuwa chini.

Niliwakuta uani wanafua. Mama alikuwa kwenye kigoda, mikono ndani ya beseni, na Karanga pembeni yake anafua soksi moja ileile kwa bidii ya watu kumi.

"Umerudi mapema, mwanangu. Kwema?"

"Kwema, Mama. Nimepita tu. Mama, ile swichi ya kushoto mbona iko chini?"

"Ile?" Uso wake ulichanua. "Nimeizima mimi. Mkishatoka tu, naizima. Kisha alasiri, kabla hamjarudi, naiwasha msije mkaingia gizani."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Jumapili mnakuwepo na televisheni yenu, nikizima si mtanipigia kelele?"

 Yeye akaendelea, akikamua shati, sauti imejaa fahari.

"Nimepanga nyumba mimi, mwanangu, wapangaji tele, mita moja. Anayetoka anazima. Ukisahau, unasemwa mpaka na paka. Sasa ya friji siigusi, nimeambiwa dawa zimo. Lakini hii nyingine ya taa, mchana taa za nini? Nikasema ngoja niwatunzie umeme wenu, msije mkasema bibi kaja kula na kulala tu."

Nilikaa kwenye ngazi. Kuna ukweli ambao ukiutupa kama jiwe unavunja mtu, na ukiuficha unavunja nyumba. Nikatafuta namna ya kuutua chini taratibu.

"Mama, ile si ya taa. Ule ni mlango wa jua."

"Mlango wa jua?"

"Zile paneli juu ya paa hazitunzi kitu. Zinaokota jua tu, zinaligeuza umeme, zinauteremsha kwa waya hadi ile swichi ya kushoto. Pale kontrola inaupima, betri isilishwe ikapaliwa. Betri ndiyo inayoweka akiba. Halafu inveta inauchukua ule wa betri, inaugeuza uwe wa namna ambayo friji na televisheni zinaukubali. Sasa ile swichi ikishuka, jua linabaki juu ya paa. Friji inakula akiba mchana kutwa, na hakuna anayeleta kingine."

Mikono yake ilitulia ndani ya povu.

"Ni kama mvua na pipa," nikaongeza. "Mvua inanyesha, wewe unauondoa mfereji ili pipa lisichoke."

Mama aliinua macho kuelekea paa. Kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakipanda na kushuka.

"Kumbe namnyima mtoto titi mchana kutwa! Halafu alfajiri namsikia analia sebuleni, nauliza huyu mtoto ana nini." Akacheka tena, lakini kicheko kikabadilika njiani. Akajifuta uso kwa kifundo cha mkono kilicholowa. "Nimejifukuza kwa mkono wangu mwenyewe, mkwe wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe ni mimi."

"Bibi, unalia?" Karanga akauliza.

"Sabuni, mke mwenzangu. Sabuni imeniingia."

Nilimshika mkono tukaingia ndani. Fundi alikuwa ameandika neno PANELI kwenye kipande cha tepu chini ya swichi, herufi ndogo kama sisimizi. Kwa macho ya Mama ule ulikuwa uchafu tu ukutani. Nikaweka kidole chake pale. Akaipandisha mwenyewe. Tak. Baada ya kitambo mchoro wa jua ukatokea kwenye kioo, na mshale ukaanza kutembea kuelekea betri. Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hilo ndilo jua?"

"Ndilo, Mama."

"Dogo hivyo?"

Nilipokuwa natoka kurudi kazini alinifuata mlangoni. "Usimwambie mwanangu. Wala dada yake. Yule atasema mama kazeeka, anashikashika vitu."

"Simwambii mtu."

Jioni mume wangu alikuta mchoro wa betri umepanda vistari asivyovizoea katikati ya wiki. "Umegundua nini?"

"Swichi ya paneli ilikuwa chini."

"Nani kaishusha?"

"Ilikuwa chini tu."

Akanitazama. Akatazama mlango wa chumba cha mama yake, ambako kulianza kusikika kikohozi ambacho hakikuwepo asubuhi. Akatikisa kichwa.

"Swichi za siku hizi," alisema, "hazina adabu kabisa."

Lakini betri iliyoshindishwa njaa kwa wiki kadhaa haishibi kwa mchana mmoja, na Jumamosi ilikuwa inabisha hodi. Tukaamua kwamba mpaka wifi aje, akiba yote ni ya friji. Televisheni marufuku.

"Kesho timu yangu inacheza," mume wangu alilalamika.

"Icheze. Tena afadhali, ukiitazama inafungwa."

Majirani walioleta simu kuchaji walimkuta Mama kizingitini kama nesi wa wodi. "Mgonjwa wetu yuko kwenye dozi," aliwaambia. "Haruhusiwi kuona wageni mpaka Jumapili." Jirani mmoja alikwenda zake akiamini kweli tuna mgonjwa, akarudi na machungwa ya kumpa pole. Tukayala.

Ijumaa mbingu ikatufanyia hiana. Mawingu yalitanda tangu asubuhi, mazito, rangi ya sufuria. Kabla ya kwenda kazini mume wangu alipanda juu ya paa na ndoo na tambara akafuta paneli. Maji yaliteremka kwenye bati yakiwa ya rangi ya chai kwa vumbi la barabarani. "Unaona?" alisema kutoka juu, amefurahi kama mtu aliyepata kazi anayoijua. "Hata jua linaziba kama bomba." Mimi nilishinda kazini nikitazama dirisha kuliko kitambaa, nikashona mfuko wa shati chini juu. Mwalimu alituambia paneli huokota kitu hata chini ya mawingu, kidogo. Nikajishika kwenye hilo kidogo kama anayeshika kamba. Jioni nilirudi na kifungo cha sare nilichokiomba kazini, nikakibandika kwa gundi pembeni ya swichi ya kushoto, ili kidole cha Mama kikiupapasa ubao kijue kimefika wapi.

Alfajiri ya Jumamosi niliamka mwenyewe. Nikatega sikio. Friji ilikuwa inanguruma polepole kama paka.

"Mama Karanga," sauti ilininong'oneza kupitia ukutani. "Kimelia?"

"Hakijalia, Mama."

"Haya. Lala."

Hakuna aliyelala.

Siku hiyo tuliomba ruhusa kazini. Wifi yangu alifika mchana, na gari, na boksi la baridi lililojaa barafu kwa ajili ya dawa. Si mtu mbaya huyu mwanamke. Alinikumbatia, akambeba Karanga, kisha akaenda kwenye friji, akatoa chupa moja akaigusisha shavuni.

"Ya baridi."

"Ndiyo, wifi."

"Lakini sasa hivi ni mchana. Nitakaa mpaka jioni nione."

"Kaa," alisema mume wangu. "Ila televisheni hatuwashi, tunaijua tabia yako ya tamthilia."

Mkoba wa Mama ulikuwa kando ya mlango. Aliufunga mwenyewe asubuhi, kanga zake, shuka, viatu vya kutokea. Nilipomuuliza alisema bora aufunge yeye kuliko kufungiwa. Mchana ule tuliongea mambo mengi ili tusiongee moja. Karanga alikuwa akiupitia ule mkoba, anauzunguka kama watu wanavyozunguka mbwa wasiyemjua.

Giza likaingia. Nikawasha taa. Friji ikaendelea na mngurumo wake, na kwenye kioo cha kontrola mchoro wa betri ulikuwa umebakiza kistari kimoja tu kujaa. Wifi akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mmebadilisha betri?"

"Hapana," akasema mume wangu.

"Sasa ilikuwa na nini?"

Mume wangu akagundua kitu cha kutazama darini. Mimi nikafungua mdomo. "Ni swichi, wifi, ilikuwa..."

"Nilikuwa nazima mimi," Mama akasema.

Alisema akiwa ameketi wima, mikono mapajani, kama anayetoa ushahidi.

"Nilidhani ni ya taa. Nilikuwa naizima kila siku. Hawa hawana kosa."

Wifi alishusha pumzi ndefu. "Mama, si ndilo ninalosema? Macho hayaoni vizuri, hii mitambo huijui. Leo swichi, kesho utashika waya. Kwangu hutagusa kitu chochote."

"Kweli. Kwako sigusi kitu." Sauti ya Mama haikupanda. "Nilikaa kwako kipindi kile cha hospitali. Nilikaa kwenye kochi mpaka nikawa mto wa kochi. Ukirudi unanipapasa bega, umeshindaje Mama, unapita."

"Nilikuwa kazini, Mama."

"Najua, mwanangu. Sikusuti. Umenilea vizuri kuliko nilivyokulea. Nakwambia tu. Hapa nimekosea kwa sababu nina kazi. Asiye na kazi hakosei kitu."

 Mama akainuka, akamshika binti yake mkono, akampeleka kwenye ubao. Kidole chake kilitembea juu ya mbao hadi kwenye kifungo.

"Hii ni ya jua. Haizimwi. Hii ni ya friji. Haizimwi. Taa ziko kule ukutani, zima utakavyo. Na asubuhi, ukitaka kujua kama mtoto ananyonya, unatazama hapa, kuna kijua. Kidogo, lakini kipo."

Wifi alitaka kubaki amekunja uso, akashindwa. Alicheka huku machozi yanamlenga, akajifuta kwa ncha ya kidole ili asiharibu wanja.

"Na dawa zikiharibika tena?" aliniuliza mimi.

"Siku hiyohiyo nitakupigia mimi mwenyewe," nilisema, "na mkoba nitakubebea hadi kwenye gari." Nililisema na nilikuwa nalimaanisha.

Akanitazama kwa muda. "Mtihani wako lini?"

"Mwezi ujao."

"Mh," akasema. Akachukua funguo za gari mezani. Akalitazama boksi la barafu, kisha mkoba pale kando ya mlango. Sote tukautazama. Hakuna aliyejua nani auguse, na ukiguswa uende upande gani.

Karanga akashuka kwenye mkeka. Akaushika mkoba kwa mikono miwili, akauvuta. Haukuinuka. Akageuka, akaukokota kinyumenyume sakafuni, akihema, akatupita mmoja mmoja, akampita shangazi yake na funguo zake mkononi, mpaka kwenye mlango wa chumba. Pale akapumzika, nywele zimemwangukia usoni, akatutazama sote.

"Bibi analala na mimi," alisema.